Suleiman na Televisheni Zilizoganda

Mmeona? Nakaa kuandika habari za kazi yangu mimi, kwa mkono wangu mimi, na jina lililotangulia juu ni la Suleiman. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Basi nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii ya mitandao, na mikoba yenu ya mgongoni na vyeti vyenu vya chuo cha Tunguu, vuteni mkeka nikupeni maneno. Mimi chuo kikuu sikukiona ila kwa nje, siku niliyokwenda kuwafungia kamera. Nilimaliza skuli ya sekondari hapa hapa mjini, nikafaulu kiasi cha kutofukuzwa nyumbani, nikaingia kuvuta waya. Niliyoyajua, nusu niliyajua kwa kukosea. Nusu nyengine kwa kumchungulia Suleiman begani huku nikijifanya natafuta bisibisi.

Tuliingia kazini pamoja, kwenye kampuni ndogo ya Bwana Abdalla, ofisi yake Darajani juu ya duka la vitambaa. Suleiman alikuwa akitokea Bububu kila asubuhi. Mimi natokea Sokomuhogo, kwenye nyumba aliyozaliwa baba yangu, na siku yangu ikifika nitatolewa kwa mlango ule ule. Kazi yetu ilikuwa mahoteli. Tulianza na simu, ikaja intaneti, zikaja kamera, mwisho zikaja televisheni zinazopita kwenye waya za mtandao.

Nikuelezeni Suleiman alikuwa mtu wa namna gani, mpate kunihurumia. Huyu bwana aliweza kupanda darini, akatambaa baina ya boriti za miaka na miaka, akashuka na shati lake jeupe bado jeupe. Mimi nikichungulia tu darini nashuka nimepakaa chokaa kichwani kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga. Walinzi wa mahoteli walimuuliza hali ya mama yake. Mimi walinitaka kitambulisho, mlango ule ule, mlinzi yule yule. Paka wa hoteli moja ya Kiponda, ambaye nilimlisha vichwa vya dagaa tangu yuko mdogo, alikuwa akimwona Suleiman anakwenda kumlalia miguuni.

Kisha mafunzo ya Dubai. Bwana Abdalla aliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwa miezi.

"Pandu, kuna mafunzo Dubai. Utakwenda?"

"Kule watu wanakula nini?" nikamuuliza.

Akanitazama, akamgeukia Suleiman. Suleiman akaenda. Akarudi na kisanduku cha vifaa kinachofunguka ngazi ngazi kama sanduku la vito vya bibi harusi, kila koleo na kitanda chake cha sponji. Safari niliikataa kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini wivu hauulizi nani alikataa. Nilikitazama kile kisanduku, nikatamani kipotee baharini, kisha nikatamani kipotee kwangu.

Hata nyumbani sikupona. Mke wangu, Zuhura, akinipakulia chakula cha mchana, swali lake la kwanza lilikuwa, "Suleiman naye keshakula?" Mimi nimekaa mbele yake, nina njaa, jasho linanitoka, anauliza tumbo la mtu wa Bububu.

Jambo moja nilimzidi, na nataka mlichukue maana ni elimu. Niliujua Mji Mkongwe kwa ndani. Kuta zetu hizi ni mawe na chokaa, na chokaa ina chumvi. Ukiulaza waya wako umegusana na ukuta, usihesabu kwamba umemaliza kazi. Chumvi inaingia kwenye kichwa cha waya, shaba inageuka kijani, na mtandao unaanza kukohoa siku za unyevu, siku za jua umepona. Mtu anabadilisha mashine zote, kumbe ugonjwa uko ukutani. Waya uninginize hewani, uupitishe kwenye bomba, kichwa chake ukielekeze chini ili jasho la ukuta lisikiingie. Hilo Dubai hawalifundishi. Dubai ukuta ni mkavu.

Na kulikuwa na jambo jengine, ila hilo msilichukue. Suleiman kila waya aliouvuta aliubandika kibandiko chenye maandishi: huu wa chumba fulani, huu wa kamera ya uani. Mimi sikubandika hata mmoja. Vibandiko vyangu vilikuwa kichwani. Bwana Abdalla alinigombeza mara nyingi, nami nikisema ndiyo, ndiyo, kesho. Sikuwa mvivu. Nilikuwa na hesabu zangu. Mtu akiwa ndiye ramani, nani atathubutu kumhamisha?

Sasa hapo kwenye kuhama ndipo palipokuwa na roho yangu. Kampuni ilipata kazi nyingi kaskazini, mahoteli ya Nungwi na Kendwa, na Bwana Abdalla akaamua tugawanywe. Fundi mmoja ashike mji. Mwengine ashike kaskazini, apewe chumba huko huko, alale siku za kazi na arudi kwao mwisho wa wiki. Mtaniambia, mzee, Nungwi si mbali, barabara nzuri, watu wanakwenda na kurudi. Kwangu mimi nikivuka Darajani tu nishasafiri. Mimi ni mtu wa kutoka kazini adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa, nikaswali msikiti wa mtaani, nikafika kwangu wali haujapoa, nikala, nikajinyoosha kitandani chini ya feni, nikarudi kazini nimekuwa binadamu. Kuniambia nilale Nungwi ni sawa na kumng'oa konokono gambani ukamwambia atembee.

Na wakati huo huo ikatokea hoteli moja, jina lake silitaji, ilikuwa nyumba mbili za zamani zilizounganishwa, karibu sana na kwangu. Televisheni zake zilikuwa zinaumwa, na wageni wanalalamika kila siku. Bwana Abdalla akatuita ofisini.

"Atakayezituliza televisheni za pale ndiye atakayeshika mji," akasema. "Mwengine Nungwi inamngoja."

Suleiman akacheka. "Popote ni kazi, bosi."

Popote! Mimi nilikuwa nishaanza kutokwa na jasho la mgongo, na yeye anasema popote. Hakuna kinachomchoma mwenye wivu kama kushindana na mtu ambaye hashindani.

Kwa wasiojua, nieleze televisheni za namna hii zinavyokwenda. Juu ya paa kuna madishi na seva inayomimina chaneli. Chini kuna vyumba. Katikati kuna swichi, lile bapa lenye matundu mengi ambamo waya zote zinakutana. Sasa chukulia shughuli ya harusi, wanaume wamekaa makundi makundi, kila kundi na sinia lake la pilau. Pilau halipelekwi kwa mtu mmoja mmoja, linapelekwa kwa kundi. Mafundi wanaita maltikasti: chakula kimoja, kundi zima. Swichi ya kijinga, pilau likija, inamwagia kila mtu, hata aliyesimama mlangoni kuvaa viatu. Swichi yenye akili, ile unayoweza kuiamrisha, inasikiliza. Inajua sinia lipi bado linataka na lipi lishashiba, na inapeleka panapotakiwa tu.

Lakini itajuaje? Lazima awepo mtu mmoja anayepita baina ya masinia akiuliza, "Huku bado mnakula?" Wakijibu ndiyo, pilau linaendelea. Wakinyamaza, mpakuaji anahesabu wamemaliza. Na huyo anayeuliza akiondoka zake, basi hakuna anayejibu, maana hakuna aliyeulizwa, na masinia yote yatanyimwa chakula watu bado wana njaa. Huyo tumwite muulizaji. Mkumbukeni.

Nikawahi mimi. Suleiman alikuwa Jozani akiwafungia waongoza wageni intaneti, nami nikasema hii ndiyo siku yangu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Siku nyengine mambo safi kutwa nzima. Siku nyengine, jioni au asubuhi, picha inaganda vyumba vyote. Mgeni anaangalia mpira, mchezaji kainua mguu apige, mguu unabaki juu. Ukibadilisha chaneli ukarudi, mguu unashuka, mpira unaendelea, mgeni anashukuru. Baada ya dakika chache mguu mwengine unabaki juu.

Mimi nikafikiri hivi: ukibonyeza rimoti inapona, basi ugonjwa uko kwenye rimoti. Msicheke. Nilibadilisha betri za rimoti za hoteli nzima, nikigonga hodi chumba kwa chumba. Bibi mmoja wa Kizungu akanipa bahashishi akidhani ndiyo desturi yetu. Siku ya pili miguu ikaganda juu kama kawaida, ila sasa na betri mpya.

Laiti ningekaa nikafikiri, ile rimoti ilikuwa inanipa jibu. Televisheni ukiibadilisha chaneli inapiga kelele yenyewe, "Nami nataka!" Swichi inasikia, inaipa. Kisha muda unapita, hakuna aliyeiuliza tena kama bado inataka, swichi inaikatia. Kwa hiyo nyinyi mkikuta picha inayorudi kwa kubadilisha chaneli kisha ikaganda baada ya muda ule ule, msiguse waya wala betri. Mtafuteni muulizaji. Mimi sikukaa nikafikiri, maana nilikuwa nikimwona Suleiman akilini anarudi kutoka Jozani.

Nikapanda kwenye swichi kubwa, ghorofa ya juu, nikatia amri ya kuizima ile akili ya kusikiliza. Isisikilize, imwage tu. Na kweli, televisheni zote zikaamka. Nikazunguka vyumba, picha safi, mpira unakwenda. Nikamwambia meneja, Bi Rahma, "Nimemaliza," nikaondoka kifua mbele, nikafika nyumbani Zuhura kapika pweza wa nazi. Tonge la pili lilikuwa njiani kwenda mdomoni simu ikalia.

"Pandu, umeifanya nini hoteli yangu?"

"Kwani televisheni hazioneshi, Bi Rahma?"

"Zinaonesha! Ndicho kitu pekee kinachofanya kazi! Mapokezi kompyuta zimekufa, intaneti ya wageni imekufa, simu za vyumbani zinakwaruza kama kuku. Mgeni kasimama mbele yangu na mizigo anataka kulipa, nimtoze kwa kidole?"

Pilau lilikuwa limemwagika nyumba nzima, vijana. Chaneli zote, kila tundu, kila waya, mpaka kwenye kompyuta ya mapokezi ambayo haikuomba mpira. Intaneti isiyo na waya, yenye nguvu ndogo, ndiyo iliyozama kwanza. Nikaliacha tonge.

Nilipofika, nani amekaa mapokezi? Kavaa shati jeupe, kisanduku chake miguuni, anamhadithia msichana wa mapokezi jinsi kima punju wa Jozani alivyomvua kofia, na msichana kashika mbavu. Bi Rahma mwenyewe, aliyenipigia kelele sasa hivi, ametabasamu.

"Ahlan, yakhe," Suleiman akaniambia. "Bwana Abdalla kanambia nije nikusaidie."

"Nani kaomba msaada?"

"Hapana aliyeomba. Nimetumwa tu."

Tukapanda juu. Akairudisha swichi kwenye kusikiliza, hoteli ikapumua. Kisha akachomeka laptopu yake kwenye tundu aliloliamrisha linakili yote yanayopita, akavuta kiti, akakaa. Akakaa tu. Nami nikavuta kiti nikakaa, maana singemwacha peke yake na ushindi.

"Hufanyi kitu?" nikamuuliza.

"Nafanya."

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Kazi rahisi hiyo. Hata mimi ningeiweza."

"Basi sikiliza nawe," akasema, akanisogezea kioo nione.

Na hapo, wallahi, nilimwonea wivu hata wa utulivu wake. Kwenye kioo kulikuwa na mistari inapita, na kila baada ya muda mfupi unakuja mstari mmoja, kutoka anwani moja ile ile: nani bado anataka? Nyuma yake zinamiminika sauti za televisheni: mie, mie, na mie. Tukakaa tukitazama. Msichana wa mapokezi akamletea chai ya tangawizi. Yeye. Mimi nikauliza kama na mimi ipo, akasema atatazama.

Baada ya asri umeme wa mji ukakatika. Jenereta la hoteli likanguruma, taa zikarudi, swichi yetu haikuzimika kwa kuwa ina betri yake. Suleiman akainua kidole.

"Tizama."

Ule mstari wa swali haukuja. Tukangoja. Haukuja. Televisheni zimenyamaza, hazikuulizwa. Muda si muda tukasikia milango inafunguliwa chini, na mtu anatukana kwa lugha yake. Mpira ulikuwa umekolea, na mguu umebaki juu.

"Muulizaji kanyamaza," akasema Suleiman. "Si swichi hii. Hii haikuwahi kuuliza, inasikiliza tu. Kuna mwenziwe mahali humu ndani ndiye anayeuliza, na umeme ukikatika anazimika." Akapiga vidole vyake kwenye laptopu, swichi ikamwonesha ile anwani inaingilia tundu gani. Akachungulia nyuma ya swichi, akaushika waya, akaufuata kwa macho mpaka ulipopotelea ukutani. Akaugeuza, akatafuta kibandiko. Nyinyi mnajua hakukuwa na kibandiko.

"Waya huu unakwenda wapi, Pandu?"

Subhanallah. Moyo wangu uliruka kama samaki. Waya zote za nyumba ile nilizivuta mimi. Yeye ana tundu, mimi nina njia.

"Waya gani?" nikasema. "Sijauona vizuri. Hebu ondoa mkono."

Akaondoa mkono, lakini waya zenyewe zilikuwa fungu zima, za buluu zote, akawa ameuachia ndani ya wenziwe. Akanitazama, akaanza kucheka polepole.

"Aa, sheikh. Ndiyo hivyo?"

"Hivyo vipi? Niambie tundu lipi, nikwambie unakwenda wapi."

"Niambie zote zinakwenda wapi, mimi nitachagua."

"Zote? Unanicheza. Kisha ushuke peke yako?"

"Na nikikwambia tundu, wewe utashuka na nani?"

Kwangu mimi pale chini ya ngazi hakukuwa na waya, kulikuwa na kitanda changu, feni yangu na wali wangu. Yeye alikuwa anacheza tu, hilo ndilo lililoniuma. Mlango ukafunguka, Bi Rahma akasimama, na nyuma yake kelele za wageni.

"Mguu umeganda tena! Nyinyi mnafanya nini?"

"Tunashauriana, Bi Rahma," nikasema.

"Mnashauriana? Nimesimama hapo nje nawasikia. Watu wazima wazima, mna ndevu, mnafichana kama wake wenza wanaofichana chumvi! Chungu kinaungua!"

Tukaona haya. Tukasema kwa pamoja, yeye na mimi.

"Safu ya chini, la mwisho."

"Chumba cha mashuka!"

Kisha hakuna aliyemngoja mwenziwe. Ngazi za nyumba zile mnazijua, nyembamba na zimesimama kama ukuta. Tukaingia mlangoni pamoja, tukabanana mabega, hakuna anayepita. Tukashuka hivyo hivyo upande upande kama kaa, mimi nashika kamba ya ngazi, yeye anaomba radhi huku anasukuma, mpaka chini kabisa, kwenye ile nyumba ya kwanza ya hoteli, chumba cha mashuka cha Bi Mwajuma.

Huyu Bi Mwajuma ni bibi wa Kitumbatu, kafanya kazi pale tangu hoteli ilipokuwa nyumba moja tu. Tulimkuta amekaa juu ya kibao, anakunja foronya kwa mwanga wa dirisha. Taa kazima mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba. Mnakimbia nini? Kuna moto?"

Nilikuwa nishaona. Ukutani, juu ya msumari, zilining'inia plagi, zimepangwa vizuri kama vitunguu: ya pasi, ya feni, ya redio, na moja nyembamba, ya kisanduku kidogo cheusi juu ya kabati. Swichi ya zamani. Enzi ya nyumba moja, hiyo ndiyo iliyokuwa swichi kuu. Fundi aliyetutangulia aliifundisha kuuliza, kisha hoteli ikakua, kubwa ikafungwa juu, na hii ikaachwa chini ihudumie kamera ya uani. Na kumbe haikuacha kazi yake. Miaka yote inauliza kwa niaba ya nyumba nzima.

"Bi Mwajuma," akasema Suleiman kwa ile sauti yake ya asali, "hii plagi umeichomoa wewe?"

"Zote nimechomoa mimi. Umeme ukikatika unachomoa, kwani kwenu hamchomoi? Unarudi na nguvu, unaunguza. Friji ya dada yangu ilitoa moshi mbele ya macho yangu."

"Lakini hapa kuna jenereta."

"Jenereta la wageni. Mie nangoja umeme wenyewe urudi, utulie, ndipo nachomeka."

"Na kisanduku hiki, unajua ni cha nini?" nikauliza.

"Kinawaka taa. Kinachowaka taa kinaungua. Ningewaachia nyinyi mafundi mngekuwa mmeshakiua."

Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe umeme ukikatika nyumbani ndiye wa kwanza kukimbilia friji. Unguja nzima inachomoa. Mzungu angekuja akatafuta kosa kwenye vitabu akazeeka. Mimi, mwana wa mji, nilitakiwa nijiulize swali la kwanza kabisa: umeme ukikatika, nani humu anachomoa nini? Sikujiuliza. Nilikuwa namtazama Suleiman.

Tukarudi juu. Suleiman akaiamrisha swichi kubwa nayo iwe inauliza. Hapo nikampa kitu: "Ipe anwani kwanza. Muulizaji asiye na anwani televisheni nyengine hazimjibu, zinamwona mtu asiye na kwao." Akasema, "Kweli, asante," akaipa anwani. Nikafurahi, kisha nikakasirika kwa kufurahi.

Ikabaki kujaribu. Umeme ulikuwa umesharudi na kutulia, Bi Mwajuma keshachomeka. Tukamwomba akichomoe tena kile kisanduku.

"Nichomoe? Umeme si upo?"

"Ndiyo, Bi, tunajaribu."

"Umeme upo, nichomoe kwa nini? Mna akili nyie?"

Ikabidi aitwe Bi Rahma ndipo Bi Mwajuma akachomoa, kwa shingo upande. Tukasimama chumbani mbele ya televisheni tukingoja. Dakika zikapita. Mchezaji akainua mguu. Mguu ukashuka. Mpira ukaenda nje kabisa, sikuwahi kuona shuti baya lililonipendeza vile.

Bwana Abdalla akaja mwenyewe. Akamuuliza Bi Rahma nani kazituliza.

"Wote wawili," akasema Bi Rahma. "Na wote wawili nisiwaone tena mpaka mwezi upite."

Nikavuta pumzi nianze kujieleza. Nilikuwa na hotuba nzima: ramani, chumba cha mashuka, anwani. Suleiman akanitangulia.

"Mpe Pandu mji, bosi. Yeye anaujua kwa ndani. Mimi popote nalala."

Basi. Kwa maneno hayo tu. Bwana Abdalla akaitikia kwa kichwa, kesi ikaisha, hotuba yangu ikanibaki mdomoni. Nilitaka kushinda, nikapewa. Kuna tofauti, na ile tofauti imenikaa kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki changu. Angenishinda ningemchukia nikapumzika. Angeshindwa ningemhurumia. Nifanye nini na mtu anayenipa?

Jumatatu ya kwanza yeye alikwenda Nungwi na kisanduku chake. Mimi, adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa, nikatoka, nikaswali, nikafika kwangu. Sebuleni nikakuta viatu vya kike nisivyovijua. Zuhura akatokea jikoni, akashtuka kama kaona jini.

"Wewe! Kumbe kweli hukwenda Nungwi?"

"Nilikwambia huenda tu, habari nikakuwekea mpaka leo. Nimebakishwa mji. Nimeshinda."

"Lahaula. Mie nshamwita dada. Nshamtandikia, kalala chumbani. Tulipanga awe anakuja siku zote za kazi, tushone, tuzungumze. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie mume wako kashinda."

"Kashinda nini, naye Suleiman ndiye aliyekupa?"

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe kapiga simu asubuhi. Kaniomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya kukubakisha."

Akarudi jikoni. Nikala mkekani, kichwa cha samaki kishaliwa na shemeji. Nikajinyoosha sebuleni, pasipo feni, nikisikia ile ya chumbani inavyozunguka juu ya mwanamke anayekoroma. Nikatazama boriti, nikaanza kukichora akilini chumba cha fundi kule Nungwi: kitanda kizima, feni ya peke yake, na mlango unaofungwa kwa ndani. Na sikuwahi, katika miaka yetu yote, kumwonea wivu Suleiman kama mchana ule.